Lipedema: Mazoezi ni tiba ya mwendo, si adhabu ya unene

KATIKA mitaa ya miji ya Afrika Mashariki, mwanamke mwenye mashavu ya miguu yaliyojaa na vifundo vyembamba husifiwa kuwa ana mguu wa bia. Sifa hiyo humfuata msichana tangu anapovunja ungo, na wengi huipokea kwa fahari. Hata hivyo, wapo ambao miguu yao haikomi kujaa. Mapaja huongezeka mwaka baada ya mwaka ilhali kiuno kinabaki kilivyokuwa, ngozi huvilia damu kwa kugongwa kidogo tu, na ifikapo jioni miguu huwa mizito na yenye maumivu kana kwamba imefungiwa mawe.

Hapo ndipo sifa hugeuka lawama. Mwanamke huambiwa apunguze chakula, aache uvivu, akimbie. Naye hutii. Hujinyima mlo, huamka alfajiri kukimbia barabarani, na baada ya miezi michache mizani hushuka. Lakini kinachokonda ni uso, kifua na kiuno. Miguu haibadiliki, na magoti sasa yanauma zaidi. Hatimaye huacha kila kitu, akiamini kwamba ameshindwa.

Hali hiyo huitwa lipedema. Mwanamke huyo hakushindwa. Aliambiwa afanye jambo jema kwa sababu isiyokuwa sahihi. Mazoezi ni mojawapo ya nguzo kuu za kuukabili ugonjwa huu, lakini kazi yake si kuyeyusha mafuta ya miguuni. Kazi yake ni kupunguza maumivu, kusaidia mzunguko wa damu na majimaji ya mwili, kulinda viungo na kumwezesha mwanamke kuendelea kutembea kwa miguu yake mwenyewe hadi uzeeni. Anayelifahamu hilo hudumu katika mazoezi, na asiyelifahamu huyaacha.

Ugonjwa wenyewe

Lipedema ni mrundiko wa mafuta chini ya ngozi ya miguu, na mara nyingine ya mikono, unaotokea kwa ulinganifu pande zote mbili na kuandamana na maumivu. Huwapata wanawake karibu peke yao. Mara nyingi huanza wakati wa kubalehe, na kwa wengine hujitokeza au kuzidi wakati wa ujauzito au wa kukoma hedhi, nyakati ambazo homoni za mwili hubadilika sana. Aghalabu huonekana katika ukoo mmoja, hivi kwamba msichana huwa na miguu ya mama yake na ya nyanya yake.

Ugonjwa huu si mpya. Ulielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitabibu mwaka wa 1940 na madaktari wawili wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani, Edgar Allen na Edgar Hines. Pamoja na hayo, ulisahaulika kwa miongo mingi, na hata leo madaktari wengi humaliza masomo yao bila kufundishwa kuutambua. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliupa nambari yake katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, orodha iliyoidhinishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022.

Alama moja hurahisisha utambuzi. Mafuta hukoma ghafla kwenye kifundo cha mguu, kana kwamba mgonjwa amevaa bangili, na unyayo hubaki mwembamba. Mafuta hayo yakiguswa huhisika kama chembechembe ndogo chini ya ngozi, na kuyabonyeza huuma. Mafuta ya unene wa kawaida hayana maumivu hayo.

Ni muhimu pia kutoichanganya lipedema na matende, ugonjwa unaofahamika vyema katika Pwani ya Kenya. Matende huletwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbu, huwapata wanaume kwa wanawake, mara nyingi huvimbisha mguu mmoja kuliko mwingine, na unyayo nao hufura hadi ngozi ikawa ngumu. Daktari huweza kujaribu kuifinya ngozi iliyo juu ya kidole cha pili cha mguu. Kwa mwenye lipedema ngozi hiyo huinuka bila taabu, ilhali kwa yule ambaye mishipa yake ya limfu imeziba huwa nene na haishikiki. Lipedema haiambukizi, haitokani na mbu wala si kijicho cha mtu.

Unene wa kawaida unaweza kuandamana na lipedema, na ukiongezeka huzidisha maumivu na uzito wa miguu. Kwa hiyo kula vizuri na kudhibiti uzito ni jambo la manufaa. Kosa ni kudhani kwamba mwanamke akijinyima vya kutosha miguu yake itarudi kuwa ya kawaida.

Kwa nini mwili wenye maumivu usogee

Damu hushuka miguuni kwa wepesi, kama maji ya mferejini. Kupanda kwake ndiko kwenye kazi. Kila mtu anapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu hukaza na kuibana mishipa inayoirudisha damu moyoni, nazo vali ndogo zilizomo ndani ya mishipa hiyo huizuia isishuke tena. Ndiyo sababu wataalamu huyaita mashavu ya miguu moyo wa pili.

Mfumo wa limfu, ambao hukusanya majimaji yaliyovuja kutoka mishipa ya damu na kuyarejesha, hauna moyo wa kuusukuma. Hutegemea mikazo ya mishipa yake yenyewe, msukumo wa misuli inayoizunguka na pumzi ya mtu. Anayesimama sokoni kutwa nzima au kukaa ofisini bila kunyanyuka huunyima msukumo huo, na jioni miguu humlemea.

Sababu ya pili ni viungo. Mapaja yaliyojaa upande wa ndani humlazimisha mwanamke kutembea akiwa ametanua miguu, na magoti yake huinamia ndani. Mwendo huo hula gegedu za magoti. Misuli imara ya mapaja na makalio hulishikilia goti mahali pake na kupunguza madhara hayo.

Sababu ya tatu ni maumivu yenyewe. Anayeumwa hujizuia kutembea. Asiyetembea misuli yake hudhoofika. Na misuli ikidhoofika, safari fupi ya kwenda dukani huwa mateso. Mduara huo ukiachwa, mwisho wake ni kitanda au kiti cha magurudumu. Wataalamu wa Ulaya walioandika makubaliano yao mwaka wa 2020 walisisitiza kwamba tiba ya lipedema ilenge kwanza maumivu ya mgonjwa na uwezo wake wa kuishi maisha ya kawaida, badala ya kushughulikia ukubwa wa miguu peke yake. Mwongozo wa madaktari wa Ujerumani uliotolewa mwaka wa 2024 nao unapendekeza mazoezi yaandamane na mavazi ya kubana.

Maji ni rafiki

Miongoni mwa mazoezi yote, yale ya majini ndiyo yanayowafaa zaidi wengi wenye lipedema. Kwanza, maji hubeba mwili. Mtu aliyesimama majini hadi kifuani, miguu yake hubeba takriban thuluthi moja tu ya uzito wake. Mwanamke ambaye hawezi kupiga hatua mia moja barabarani bila kutafuta mahali pa kukaa huweza kutembea majini kwa robo saa.

Pili, maji hubana. Kadiri mtu anavyoingia kina ndivyo msukumo unavyozidi. Kwenye kina cha mita 1.2, maji hubana unyayo kwa kiasi cha milimita 88 za zebaki, kipimo kilekile kinachotumika katika kupima shinikizo la damu. Soksi za kubana za daraja la pili, zinazotumiwa na wagonjwa wengi, hubana kwa milimita 23 hadi 32. Isitoshe, msukumo wa maji huwa mkubwa unyayoni na kupungua kuelekea kiunoni, na hivyo kusaidia majimaji yapande. Ndiyo maana wengi hutoka majini wakihisi miguu imekuwa myepesi.

Si lazima mtu ajue kuogelea. Kutembea mbele na nyuma, kuinua magoti, kuzungusha mguu ukiwa umeshikilia ukingo na kupiga maji kwa miguu vinatosha. Maji yawe ya uvuguvugu au ya baridi ya wastani, kwa kuwa maji ya moto hutanua mishipa na huenda yakazidisha uzito wa miguu.

Aishiye Pwani ana bahari. Maji yaliyotulia ndani ya mwamba hufaa, mradi mtu aulize wenyeji saa za maji kupwa na kujaa, avae viatu vya mpira vya kumkinga na miamba na vitu vyenye miiba, na asiingie peke yake. Katika Ziwa Victoria tahadhari ni kubwa zaidi. Maji ya kando yana konokono wanaoeneza kichocho, na baadhi ya fuo zina mamba na viboko. Huko ni heri kutafuta bwawa la kuogelea lenye maji yaliyotiwa dawa. Mwenye kidonda au ngozi iliyopasuka asubiri apone kwanza.

Kuna kikwazo kingine kisichosemwa sana, nacho ni haya. Wanawake wengi wenye lipedema hawajavaa nguo fupi mbele za watu kwa miaka mingi. Vazi la kuogelea linalofunika mikono na miguu, ambalo wanawake wengi wa Kiislamu hulitumia, linamfaa mwanamke yeyote. Baadhi ya mabwawa pia hutenga saa za wanawake pekee.

Mazoezi ya nyumbani

Wengi hawana bwawa wala bahari karibu. Hao nao hawajaachwa, kwani kiti, ukuta na sakafu vinatosha kuanzia.

Pumzi: Keti au ulale chali, mkono mmoja ukiwa juu ya tumbo. Vuta pumzi polepole kupitia puani hadi tumbo linyanyuke, kisha itoe taratibu. Pumzi tano za namna hii kabla ya mazoezi na tano baadaye husaidia limfu ya tumboni kusogea, ili ya miguuni ipate nafasi ya kupita.

Visigino: Shika ukingo wa meza, inuka kwa vidole vya miguu, kisha ushuke polepole. Rudia mara 10. Aliyechoka kusimama afanye hivyo akiwa ameketi. Zoezi hili linafaa mno kwa mwuza mboga sokoni, mwalimu darasani na karani ofisini, na lirudiwe kila saa.

Kiti: Kaa kwenye kiti kisichoyumba, kisha simama bila kujishika na mikono, ikiwezekana. Keti tena taratibu. Anza na mara 5 na uongeze hadi 10. Hapa misuli ya mapaja ndiyo inayofanya kazi.

Nyonga: Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa sakafuni. Inua nyonga, hesabu hadi tatu, kisha ushushe. Rudia mara 8 hadi 10.

Mikono: Chupa mbili za maji za nusu lita hutosha kuwa vyuma vya kuanzia. Zoezi hili lisipuuzwe, kwa kuwa lipedema huweza kupanda hadi mikononi.

Mazoezi hayo ya nguvu yafanywe siku mbili au tatu kwa wiki, kukiwa na siku ya mapumziko katikati. Siku nyingine ni za kutembea, kuendesha baiskeli au kucheza ngoma. Baiskeli ya mazoezi hufaa zaidi kwa wenye magoti mabovu, kwa sababu kiti ndicho kinachobeba mwili.

Ratiba ya kuanzia

Pendekezo la WHO la mwaka wa 2020 kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kwa mwenye lipedema aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, dakika hizo ni lengo la mbali, si pa kuanzia.

Wiki ya kwanza na ya pili, dakika 10 za kutembea siku tatu zinatosha. Mwendo uwe ule unaomruhusu mtu kuzungumza bila kuhema. Kutoka hapo, dakika mbili au tatu ziongezwe kwa kila matembezi wiki hadi wiki. Inapofika wiki ya sita, wengi huweza kutembea kwa dakika 20 na kufanya mazoezi ya kiti na nyonga mara mbili kwa wiki. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zina thamani sawa na 20 za mkupuo mmoja, na mara nyingi huvumilika zaidi.

Kipimo cha kujua kama mtu amezidisha ni rahisi. Uchovu wa misuli unaoisha kesho yake ni wa kawaida. Maumivu ya mafuta au ya goti yanayoendelea hadi siku ya pili ni ishara kwamba kiasi kilikuwa kikubwa. Kipunguzwe, wala mazoezi yasiachwe kabisa. Mwenda pole hajikwai.

Mavazi ya kubana

Mazoezi ya nchi kavu hufaa zaidi yakifanywa mtu akiwa amevaa soksi au suruali za kubana. Misuli inapokaza dhidi ya kitambaa kisichotanuka ovyo, msukumo wake huongezeka, na miguu haitikisiki wala kusuguana. Mavazi haya huchukuliwa vipimo na mtaalamu. Yanayokunjamana nyuma ya goti au kukata paja hudhuru. Wenye mishipa iliyoziba ya kupeleka damu miguuni, au walio na kisukari kilichoua hisia za nyayo, wasiyavae kabla ya kupimwa na daktari.

Katika joto la Mombasa au Garissa mavazi hayo huchosha. Mazoezi ya alfajiri au ya baada ya magharibi hupunguza adha hiyo.

Mambo ya kuepuka

Kuruka kamba, kukimbia juu ya lami na mazoezi ya kurukaruka si ya kuanzia, hasa kwa mwenye magoti yanayouma. Baadhi ya wenye lipedema wana viungo vinavyolegea kupita kiasi, na hao wasijinyooshe kwa kulazimisha. Kukandwa kwa nguvu kwa nia ya kuvunja mafuta hakuyavunji. Huacha michubuko na maumivu. Ukandaji unaoweza kusaidia ni ule mwepesi unaofanywa na mtaalamu wa tiba ya viungo aliyesomea mfumo wa limfu.

Kuna pia upasuaji wa kufyonza mafuta, unaofanywa katika nchi kadhaa. Mwaka wa 2022 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilieleza wasiwasi kuhusu usalama wake kwa wenye lipedema na kusema ufanywe katika utafiti tu. Anayefikiria njia hiyo asikimbilie matangazo, na afahamu kwamba hata baada ya upasuaji bado atahitaji kufanya mazoezi.

Wakati wa kwenda hospitalini

Mazoezi yasitishwe na daktari aonwe haraka iwapo mguu mmoja utavimba ghafla, ukawa na joto na maumivu, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Dalili hiyo ikiandamana na kukosa pumzi au maumivu ya kifua, ni dharura. Homa pamoja na ngozi nyekundu inayoenea huashiria maambukizi. Unyayo uliokuwa mwembamba ukianza kufura, yumkini mfumo wa limfu umelemewa. Na anayevimba miguu yote miwili huku akihema anapolala achunguzwe moyo na figo. Mjamzito, mwenye maradhi ya moyo au mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa amwone daktari kabla ya kuanza.

Kupima maendeleo

Anayefanya mazoezi haya akiutegemea mzani humvunja moyo. Yapo mambo bora ya kuandika katika daftari kila mwisho wa mwezi: dakika anazotembea bila kupumzika, ngazi anazopanda kabla ya kushika ukuta, mara anazoinuka kitini kwa nusu dakika, na maumivu ya jioni kwa kipimo cha sifuri hadi kumi. Mwanamke aliyekuwa akipanda bodaboda kwenda kituo cha matatu, na sasa anafika kwa miguu, amepiga hatua kubwa hata kama suruali yake ni ileile.

Wanaonufaika zaidi huenda wakawa wale ambao bado hawajaumwa sana. Kwa kuwa ugonjwa huu huandama ukoo, mama anayeijua miguu yake anaweza kuitambua ya bintiye mapema, angali kijana na mwepesi wa kutembea, na kumzoesha kuogelea, kuendesha baiskeli na kuimarisha misuli. Binti huyo atasifiwa mitaani kama mama yake alivyosifiwa. Tofauti ni kwamba, miguu ikianza kumlemea, hatalaumiwa nyumbani kwa jambo asilolitenda, wala hatakimbia barabarani akijiadhibu kwa kosa ambalo si lake.